Moto wa vifaa vya umeme jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Ukurasa huu unahusu vifaa vidogo vya jikoni vinavyotumia umeme: birika, jiko la koili, hita ya ndoo, sufuria ya wali, jiko la presha, blenda, maikrowevu. Umeandikwa kwa ajili ya nyumba za hapa kwetu, iwe nyumba nzima au chumba kimoja cha kupanga Mwanga, Gungu au Ujiji ambapo jiko, kitanda na pazia viko hatua mbili tatu kutoka kilipo kifaa. Kama huna muda, soma majibu mawili ya kwanza. Hayo ndiyo tunayotamani kila nyumba iyajue.

Umeme umekatika nikiwa napika. Nianzie wapi?

Zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi, kabla hujatafuta mshumaa, tochi au simu. Fanya hivyo kwa kila kifaa kinachotoa joto, pasi ikiwemo.

Sababu yake ni hii. Jiko la koili lililozimwa na kukatika kwa umeme halijazimwa, linasubiri. Mpishi anahamishia sufuria kwenye mkaa, anaweka mfuniko wa plastiki au kitambaa juu ya jiko lililopoa, anatoka kwenda dukani. Umeme unarudi saa nane usiku au mchana nyumba ikiwa imefungwa, na koili inaanza kuwa nyekundu chini ya kitambaa. Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na kukatika kwa umeme tumekuzoea mno kiasi kwamba mkono haukumbuki tena swichi. Mzoeshe kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi na watoto wakubwa: giza likiingia, swichi kwanza.

Umeme ukirudi, subiri kama dakika tano hadi kumi kabla ya kuchomeka chochote. Mara nyingi volti hupanda na kushuka mwanzoni, na wakati mwingine umeme hukatika tena papo hapo. Acha taa moja ikiwa imewashwa ili uujue umerudi. Na kama umehamia kwenye jiko la mkaa, lipeleke nje au mlangoni penye hewa. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala.

Kwa nini plagi yangu imeungua na breka haikukata?

Kwa sababu breka hupima wingi wa umeme unaopita, haipimi joto la plagi. Swali hili huulizwa na watu waliokwisha kulipia breka mpya bila sababu, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Birika la wati 2000 kwenye volti 230 hutumia ampea 8.7 hivi. Breka ya soketi huwa ya ampea 20 au 32, kwa hiyo kwake hiyo ni hali ya kawaida kabisa. Lakini kama mguu wa plagi haukubanwa sawasawa ndani ya soketi, au skrubu ya ndani ya plagi imelegea, mahali hapo pa kugusana huwa na ukinzani, yaani umeme hupita kwa shida na kuzaa joto. Ukinzani wa nusu ya omu tu hutoa joto la wati 38 hivi. Kumbuka balbu ya zamani ya wati 40, ile usiyoweza kuishika ikiwaka. Joto lake lote sasa limekusanyika kwenye nafasi ndogo kama punje ya hindi, limezungukwa na plastiki. Plastiki inakuwa kahawia, inalainika, shaba inaungua na kupata kutu nyeusi, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Birika linaendelea kuchemsha maji vizuri muda wote huo.

Kipimo cha nyumbani: kifaa kikiwa kimefanya kazi dakika 15, kizime, chomoa, ushike plagi. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa huwezi kuishika kwa sekunde tano, kuna maungio mabovu. Dalili nyingine ni alama ya kahawia kuzunguka tundu, harufu kama ya samaki walioharibika au plastiki inayoungua, na sauti ya kuchachatika ukigusa plagi. Soketi ya namna hiyo haikazwi kwa kukunja miguu ya plagi. Badilisha soketi na plagi pamoja, kwani kimoja kilichoungua humharibu mwenzake mpya.

Ekstensheni ipi inafaa jikoni?

Jibu letu la kwanza: hakuna. Kifaa chochote kinachozidi wati 1000 kichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kwa soketi moja.

Tunajua nyumba nyingi hazina soketi za kutosha, kwa hiyo kama ni lazima, angalia waya kuliko idadi ya matundu. Maandishi yaliyochapwa juu ya waya husema unene wake. Milimita za mraba 0.75 hubeba takriban ampea 6, na waya wa namna hiyo ni wa redio, chaja na televisheni. Milimita 1.0 hubeba kama ampea 10. Kwa jiko au birika tafuta 1.5 yenye nyaya tatu ndani, yaani pamoja na ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ekstensheni yenye waya mwembamba kama wa chaja huku kasha lake likiandikwa wati 2500 inakudanganya.

Nenda dukani na sumaku ndogo, hata ya spika mbovu. Miguu ya plagi nzuri ni ya shaba nyeupe au ya njano na sumaku haiishiki. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi. Kitapata joto na kutu. Soma pia alama ya TBS, na usikubali isiyo na maandishi yoyote.

Halafu jumlisha. Birika la wati 2000, jiko la koili la 1000 na pasi ya 1200 kwa pamoja ni zaidi ya ampea 18. Plagi ya miguu mitatu imetengenezwa kwa ampea 13. Ikunjue ekstensheni yote kabla ya kuitumia, kwa sababu iliyozungushwa kama kamba ya kisimani haina pa kutolea joto, na isipite chini ya zulia, mkeka wala godoro.

Chumba changu kina soketi moja tu. Nipikeje?

Kwa zamu. Chemsha maji kwanza, chomoa birika, ndipo uchomeke jiko. Friji, kama ipo, ndiyo inayopaswa kuwa na soketi yake, na mwenye nyumba aombwe kuongeza ya pili kwa waya wa milimita 2.5 kutoka kwenye breka, siyo kwa kuvuta kutoka kwenye waya wa taa. Waya wa taa kwa kawaida ni 1.5 na haukuwekwa kwa ajili ya jiko.

Pazia linalotenga kitanda lifungwe pembeni wakati wa kupika, angalau mita moja kutoka kwenye jiko. Jiko likae juu ya kitu kisichoungua: tofali, kigae au saruji. Meza ya mbao yenye kitambaa cha plastiki haifai.

Kuingiza nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa njiti za kiberiti kuna ubaya gani?

Kuna ubaya wote uliokwisha elezwa kwenye swali la pili, na juu yake hatari ya kupigwa umeme. Njiti hubana siku ya kwanza. Kisha hukauka, hulegea na kuanza kuungua. Yenyewe ni kuni. Plagi mpya si ghali, na kuifunga ni kazi ya dakika kumi: menya waya kiasi cha skrubu tu, sokota nyuzi zote bila kuacha hata moja nje, kaza, kisha hakikisha kibano kimeshika gamba la nje la waya ili ukivutwa usichomoke.

Plagi ya miguu miwili inayosukumwa kwa kalamu kwenye tundu la ethi ni ndugu yake. Tumia adapta inayobana, au badilisha plagi.

Fyuzi ya plagi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au msumari haukatiki hadi nyumba iungue.

Hita ya ndoo: naweza kuiacha maji yakichemka?

Usiiache hata kidogo. Kati ya vifaa vyote vilivyotajwa hapa, hiki ndicho tunachokiogopa zaidi, kwa kuwa nyingi hazina kitu chochote ndani cha kuzima zenyewe.

Hesabu zake ni hizi. Lita 20 za maji ya bomba zinafika joto la kuoga kwa hita ya wati 1500 ndani ya dakika 20 hadi 25. Baada ya hapo kila dakika ni umeme wa LUKU unaopotea. Ukiisahau, maji yatachemka, na kila saa zaidi ya lita mbili zitageuka mvuke. Ndoo ya plastiki huanza kulainika kwenye maji yanayochemka, inajipinda, inapasuka au maji yanashuka chini ya koili. Koili isiyo na maji inakuwa nyekundu ndani ya sekunde chache tu, na kilichobaki chini yake ni plastiki.

Itumie hivi. Tumia ndoo ya bati au sufuria kubwa, iwekwe sakafuni, mbali na kitanda. Zamisha koili hadi alama iliyo kwenye shina lake, isiguse ukuta wala sakafu ya ndoo, ndipo uwashe. Weka saa ya simu dakika 20. Ukimaliza, zima, chomoa, subiri dakika mbili, ndipo uitoe majini. Usiguse ndoo wala kupima joto kwa kutia mkono ikiwa imewashwa. Ganda la koili likiwa na ufa, ndoo nzima ina umeme. Na koili iliyotolewa ikiwa ya moto usiining'inize juu ya nguo.

Jiko la koili la wazi limekatika waya. Fundi ameusokota na linawaka. Ni sawa?

Si sawa. Pale aliposokota ndipo patakapokuwa pekundu kuliko kwingine na kukatika tena, safari hii pengine kipande kikiangukia bati la jiko. Vilevile kila sehemu ya waya inayokatwa huongeza umeme: ukipunguza urefu kwa sehemu moja ya kumi, jiko la wati 1000 linakuwa la 1100, na mara ya tatu linakaribia 1400. Nunua koili mpya ya wati zilezile.

Koili ya wazi ina ubaya mwingine: waya wenyewe una umeme. Uji ukifurika, au sufuria iliyobonyea ikigusa koili, mwiko wa chuma unakupiga. Jiko lenye sahani iliyofunikwa ni salama zaidi, ila sahani hiyo hubaki na joto la kuyeyusha plastiki hata dakika 20 baada ya kuzimwa.

Sufuria ya wali (au jiko la presha) ilizima kabisa. Fundi aliunga waya moja kwa moja na sasa inapika. Kuna shida?

Kuna shida kubwa, na tungependa uache kuitumia leo.

Ndani yake kuna fyuzi ya joto, kitu kidogo kama punje ya mpunga ndani ya mrija wa kitambaa, iliyofungwa karibu na sahani ya kupashia. Kazi yake ni kukata umeme mara moja na kabisa ikiwa kidhibiti joto kimeshindwa. Ikikatika, kuna kilichoikata. Anayeiruka kwa kipande cha waya amekirudisha kifaa kazini na kuondoa ulinzi wa mwisho. Wali ukikauka siku kidhibiti kikigoma, sahani itaendelea kupanda joto hadi kasha liungue.

Mwambie fundi mambo matatu. Fyuzi mpya iwe na ampea na nyuzijoto zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ibanwe kwa vibano vya chuma, isilehemewe kwa risasi, maana joto la kulehemu huikata kabla haijaanza kazi. Na atafute chanzo. Mara nyingi chanzo ni punje za wali zilizokwama kati ya sufuria ya ndani na sahani, au sufuria iliyobonyea chini: kidhibiti kilicho katikati hakigusi vizuri, kwa hiyo hakijui kwamba maji yameisha. Futa sehemu hiyo kila mara kabla ya kupika, na usiweke sufuria ya ndani ikiwa na maji kwa nje.

Birika langu limejaa magamba meupe. Linaweza kuwaka moto?

Magamba yenyewe hayawaki, lakini huzuia joto lisiingie kwenye maji, hivyo sahani ya chini inapata joto kupita kiasi na kidhibiti kinachoka mapema. Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini ya kutosha kuleta magamba haya. Kila mwezi, jaza nusu birika, kamulia ndimu nne, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza mara mbili.

Usiwashe birika likiwa wazi. Swichi ya kujizima huguswa na mvuke unaoshuka kupitia njia yake ndani ya mpini. Mfuniko ukiwa wazi, mvuke unatoka juu na birika halijui kwamba maji yamechemka. Maji yasiwe chini ya alama ya chini wala juu ya ile ya juu. Kitako kikiwa na alama nyeusi pale katikati, birika limekwisha.

Mafuta yameshika moto kwenye karai. Nifanye nini?

Zima jiko, kama swichi inafikika bila kupitisha mkono juu ya moto. Chukua sinia la bati au mfuniko mkubwa, ulishike mbele yako kama ngao, ulisukume juu ya karai kuanzia upande wako kwenda upande wa pili. Acha nusu saa bila kufunua. Ukifunua mapema, hewa inaingia na mafuta bado yana moto wa kutosha kuwaka tena.

Usimwagie maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa takriban lita 1700 za mvuke. Mvuke huo unarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Usilibebe karai kulipeleka nje pia. Wanaoungua vibaya mikono na miguu ni wale waliojaribu.

Kuhusu mawese yetu: yale mekundu yasiyosafishwa mara nyingi huwa na maji na mashapo, kwa hiyo hutoa povu na kufurika mapema, na hutoa moshi kabla ya mafuta yaliyosafishwa. Yachemshe taratibu, yasizidi theluthi ya karai, na kama unayachoma kupunguza wekundu na harufu, fanya kazi hiyo nje, ukiwa umesimama hapo hapo. Kukaanga kunahitaji nyuzi 170 hadi 190. Moshi wa samawati ukionekana umeshapita hapo, zima. Jiko la koili lisilo na kidhibiti halitasimama lenyewe. Litaendelea hadi zaidi ya nyuzi 300, na hapo mafuta huwaka bila kuguswa na moto. Migebuka na dagaa wabichi wachujwe na kukaushwa maji kwanza.

Taa zinawaka kwa ukali kupita kiasi, kisha zinafifia nikiwasha jiko. Ni kifaa kibovu?

Huenda waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umelegea, ndani ya nyumba au nguzoni. Zima swichi kuu na uite TANESCO au fundi mwenye leseni ya EWURA siku hiyo hiyo. Volti zikipanda kutoka 230 hadi 270, joto la koili huongezeka kwa zaidi ya theluthi, na vifaa vidogo vya elektroniki huanza kuungua.

Vipi kuhusu maikrowevu na blenda?

Maikrowevu: usiwashe tupu, usiweke chuma wala karatasi ya fedha. Chakula kikishika moto ndani, usifungue mlango. Zima, chomoa, kitazimika kwa kukosa hewa.

Blenda: nyingi zimetengenezwa kwa dakika moja ya kusaga na kupumzika dakika chache. Karanga kavu au nyama vikikwamisha kisu, mota inavuta umeme mwingi bila kuzunguka. Ukisikia harufu ya vanishi inayoungua, umeshachelewa kidogo, chomoa.

Nanusa gesi. Nizime umeme kwanza?

Hapana. Hapa ni kinyume cha jibu la kwanza: usiguse swichi yoyote, usiwashe wala kuzima, usichomoe kitu, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha. Funga valvu ya mtungi, fungua milango, toka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, hivyo fungua mlango zaidi ya kutegemea dirisha. Pima mpira kwa povu la sabuni, usipime kwa kiberiti, na mtungi uwe mbali na jiko la koili na soketi, angalau mita moja na nusu.

Nahitaji kizima moto nyumbani?

Ukiweza, cha unga mkavu cha kilo 2, kining'inie karibu na mlango na siyo juu ya jiko, kwa kuwa hutakifikia. Mshale uwe kwenye kijani. Kwa kifaa cha umeme, kata umeme kwanza. Asiye na uwezo awe na sinia, ndoo ya mchanga mkavu na njia ya kutokea isiyozibwa na pikipiki.

Lini nipige simu ya Zimamoto?

Mara tu moto ukipita ukubwa wa sufuria. Namba ni 114. Kwa kuwa nyumba nyingi hazina namba, taja mtaa, kisha shule, msikiti, kanisa au soko la karibu, na umtume mtu asimame barabara kuu kuelekeza gari. Toeni watu wote, fungeni mlango wa chumba kinachoungua, na asirudi mtu kuchukua godoro. Palipo na moshi, tambaa.

Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, yai, asali na mawese visipakwe.

Kifaa kilichoungua kidogo, nikikisafisha kinatumika?

Plastiki iliyokwisha kugeuka mkaa hupitisha umeme, hata ukiifuta ikang'aa. Kiondoe. Kabla ya kukitupa, kata waya wake karibu kabisa na kasha, ili atakayekiokota jalalani asikichomeke nyumbani kwake.